Karani Mwenye Sindano ya Kroshia

Kila mtu afanyaye kazi ya mshahara ana saa chache za jioni ambazo hazimo katika mkataba wake. Saa za mchana ni mali ya mwajiri, na kila mtu huzitumia kama alivyoamriwa. Lakini saa za jioni ni zake mwenyewe, na katika hizo ndipo tabia yake hujulikana. Wako wazimalizao kwa bao, wako wazimwagao katika chupa, na wako walimao bustani zao hata giza likaingia. Tena wako wachache ambao huketi karibu na taa, wakashika uzi na sindano moja yenye kichwa kilichopindwa, wakafuma. Habari hizi ni za mmoja wa hao wachache.

Kwa wasioijua kazi hii, yafaa ielezwe kwa ufupi. Kufuma kwa kawaida, kama kule kwa sweta za watoto wa shule, hutumia sindano mbili, na vitanzi vyote vya safu moja hukaa juu ya sindano kwa wakati mmoja; sindano ikichomoka, safu nzima yaweza kuponyoka. Kroshia hutumia sindano moja tu, fupi kama kalamu, ambayo ncha yake imechongwa mfano wa ndoana ya samaki. Na jina lenyewe latokana na neno la Kifaransa lenye maana ya ndoana ndogo. Mfumaji huvuta kitanzi ndani ya kitanzi, humaliza kimoja ndipo akaanza kingine, na kila wakati hubakiwa na kitanzi kimoja tu katika sindano. Ndiyo sababu kazi hii yaweza kutiwa mfukoni mara moja, basi likifika au mgeni akibisha hodi, bila kuharibika.

Bwana huyu ni karani wa hesabu katika mji mdogo wa milimani, mtu wa makamo, mwenye mke na watoto wanne na shamba dogo la chai. Kazi ya kroshia aliipokea kwa mamaye. Naye mama aliipata alipokuwa msichana, katika miaka ya mwisho ya 1950, wakati vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, vilipokuwa vikienea vijijini na kuwafundisha akina mama usafi wa nyumba, upishi, kushona na kufuma. Tangu hapo hapakuwa na kiti katika nyumba ya mama yule kilichokaa bila kitambaa. Hata leo mgeni aingiaye katika nyumba nyingi za Kenya huvikuta vitambaa hivyo migongoni mwa viti, juu ya meza na juu ya redio, vyeupe na vilivyonyoshwa, navyo humwambia kabla ya kuletewa chai kwamba nyumba hii ina mtu aitunzaye.

Karani huyu alikuwa kitinda mimba, wala hakuwa na dada nyumbani. Mama alipohitaji mtu wa kumshikia uzi ili auviringe kuwa donge, yeye ndiye aliyeitwa. Mwenye kushika uzi hutazama, na mwenye kutazama hujifunza. Alipotimia miaka kumi alikuwa amekwisha kufuma mnyororo wenye urefu wa kuzunguka nyumba, na mama akamwambia, "Mwanangu, mnyororo si kitambaa. Sasa rudi juu yake." Basi akarudi, safu juu ya safu, na hajaacha mpaka leo.

Hapana haja ya kueleza sana jinsi watu walivyomcheka. Alipoanza kazi ya ofisi, mwenzake mmoja alimkuta saa ya chakula cha mchana akifuma ukingo wa kitambaa, akamwuliza kama ameposwa. Karani akajibu pasipo hasira, "Bwana, wavuvi wa pwani huzifuma nyavu zao wenyewe, wala hakuna awaitaye wanawake. Na fundi aliyeishona suruali hiyo uliyoivaa ana ndevu." Wote walicheka, na tangu siku ile neno hilo likaisha. Watu hudhani ya kuwa kazi ina mke na mume kwa asili yake, lakini ukichungua utaona ya kuwa ni desturi tu, na desturi hutofautiana kwa mahali na kwa wakati.

Yeyote apendaye kazi ya mikono hupita hatua mbili. Katika hatua ya kwanza hufuatisha kazi za wengine. Huomba kiolezo, husoma kitabu, huhesabu na kutii. Hatua hiyo si ya kudharauliwa, maana ina taabu zake. Mathalani, kishono ambacho katika vitabu vya Uingereza huitwa cha mara mbili, katika vitabu vya Marekani huitwa cha mara moja. Na kile ambacho kwa Mwingereza ni cha mara tatu, kwa Mmarekani ni cha mara mbili. Karani alikuwa amefundishwa na mamaye kwa majina ya Kiingereza, kama ilivyo desturi ya nchi hii. Siku moja akapata kiolezo kutoka Marekani, akakifuata kwa utiifu wote, na kitambaa kilichokusudiwa kufunika meza kikatoka kidogo kama sinia. Uzi ulikuwa mwema, mkono ulikuwa mwema, na hesabu ilikuwa sawa. Jina tu ndilo lililomdanganya. Tangu hapo hasomi kiolezo chochote kabla ya kuuliza kimetoka wapi.

Hatua ya pili ni ya kutunga. Mtu huanza kujiuliza, "Je, nikiacha tundu hapa badala ya pale, ua hili halitafumbuka vizuri zaidi?" Akijaribu mara moja hawezi kurudi tena kuwa mfuasi mtupu. Karani huyu huchora kwanza katika karatasi ya miraba, ile ya hesabu za shule. Mraba uliojazwa ni vishono vilivyosongamana, na mraba mtupu ni tundu. Kwa njia hiyo amechora majani ya mchai, ndege, na hata mlima kama uonekanavyo kutoka dirisha la ofisi yake asubuhi ya mwezi wa kwanza, wakati wa kiangazi. Kisha hufuma kipande kidogo cha kupimia, kama upana wa kiganja, akahesabu ni vishono vingapi vimo ndani yake, maana hakuna mikono miwili inayovuta uzi kwa nguvu moja. Ni baada ya hayo tu ndipo hugusa kazi yenyewe.

Walio na mapenzi ya hesabu wataona ya kuwa kroshia ni ndugu yao. Chukua duara. Ukianza na vishono vifupi 6, mzunguko wa pili sharti uwe na 12, wa tatu 18, wa nne 24, na kuendelea hivyo, sita sita kila mzunguko. Sababu yake ni ile waliyofundishwa watoto darasani: nusu kipenyo ikiongezeka kwa kipimo kimoja, mzingo huongezeka kwa vipimo sita na kidogo, na kwa kuwa kimo cha kishono kifupi hukaribiana na upana wake, nyongeza ya sita yatosha. Kwa vishono virefu nyongeza huwa kama 12. Ukiongeza pungufu ya hapo, kitambaa huinama kama bakuli, na ndivyo kofia zifanywavyo. Ukizidisha, pindo hukunjamana kama jani la kabichi.

Kukunjamana huko ambako wafumaji hukuona kuwa kosa, kumewafaa wataalamu. Mwaka 1997 Bi. Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alifuma kwa kroshia umbo ambalo upana wake huzidi kwa uwiano ule ule katika kila safu. Umbo hilo ni la jiometri ile isiyofuata kanuni za kale za Euclid, na hapo kwanza wanafunzi walionyeshwa mifano ya karatasi iliyoraruka upesi. Kwa uzi na sindano waliweza kulishika mkononi, kulikunja na kulipima. Kitabu alichokiandika juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 2009, na mwaka 2012 kikapewa tuzo ya vitabu vya hesabu iitwayo kwa jina la Euler. Karani alipopata habari hizi alimsomea mamaye. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ya kuwa yeye alifumua vitu kama hivyo vingi sana, lau angalijua angaliviweka.

Kufumua! Neno hili ndilo linalotenganisha mpenzi wa kweli na mpita njia. Katika kroshia, kosa la safu ya tatu halijifichi; litaonekana katika safu ya thelathini, nalo litakuwa limekua. Wahenga walisema ya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpita njia akiliona kosa huendelea, akitumaini kwamba pasi na maji ya wanga vitalisitiri. Mwenye mapenzi huushika uzi, akavuta, na kazi ya jioni mbili ikarudi kuwa donge kwa dakika tano. Watoto wa karani walipokuwa wadogo walihuzunika sana walipomwona akifanya hivyo. Yeye aliwaonyesha ya kuwa uzi haukupotea, bali ni ule ule, na jioni ya pili mkono huenda kwa kasi kuliko ya kwanza.

Hata hivyo isidhaniwe ya kuwa kroshia ni mchezo wa walioshiba. Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi uliingia Ireland, ule ule wa ukungu ambao wakulima wa Nyandarua na Meru waujua hadi leo. Njaa ilipokwisha, watu kama milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine wapatao milioni moja wamehama nchi. Katika siku zile masista wa makonventi na wake wa makasisi waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma lesi kwa kroshia, ikauzwa kwa matajiri wa nchi nyingine. Katika mji wa Clones, mwaka 1847, Bibi Cassandra Hand, mke wa kasisi wa pale, aliianzisha kazi hiyo, na fundo dogo lililofanywa na wafumaji wake linaitwa kwa jina la mji huo hata sasa. Katika miaka ile ile Bi. Riego de la Branchardière alikuwa akitoa violezo vyake vitabuni, tangu mwaka 1846 alipokuwa bado kijana, na katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 kazi yake ilipata nishani. Mwandikaji wa violezo na mfumaji mwenye njaa walikutana katika uzi mmoja: huyu alitunga na kuandika, na yule akapata chakula.

Hapa ndipo lilipo jambo zito katika maisha ya mtu kama karani wetu, nalo ni thamani ya saa. Mitambo hufuma soksi na fulana kwa maelfu, lakini kroshia ya kweli bado hutoka mkononi, na kile kitokacho kiwandani aghalabu ni mfano wake tu. Maana yake ni kwamba kitambaa cha kroshia kikiuzwa bei ya kutupa sokoni, si mashine iliyokifanya kiwe rahisi, bali yuko mtu mahali fulani aliyepunjwa.

Chukua mfano. Seti ya vitambaa vya viti yaweza kumaliza uzi wa shilingi 900 na saa tatu za jioni kwa siku 20, yaani saa 60. Mnunuzi akitoa shilingi 2,400, uzi ukitolewa zimebaki 1,500. Zigawanye kwa saa 60, utapata shilingi 25 kwa saa moja, au shilingi 200 kwa siku ya saa nane. Je, mkulima asomaye habari hizi angeweza kumpata kibarua wa kumpalilia shamba kwa bei hiyo? Walakini mnunuzi huyo huyo huomba apunguziwe, tena husema, "Wewe wapenda tu kuifanya, nayo hukutoi jasho."

Mfanyi biashara mmoja alimjia karani akataka seti 40 kwa bei ya namna hiyo kabla ya sikukuu, na sharti ziwe na nakshi ya majani ya mchai, ambayo karani aliitunga mwenyewe. Fedha zile zingalilipa karo ya muhula mmoja, na mkewe hakuficha ya kuwa zilihitajiwa. Jioni mbili karani hakufuma. Alifanya hesabu katika kitabu chake cha ofisini kama vile hesabu ya serikali, akaona ya kuwa angelala saa nne kila usiku kwa miezi mingi, na sikukuu ingalipita kabla ya seti kumi kwisha. Akamwonyesha mkewe ile karatasi. Mke akaisoma mara mbili, akasema, "Baba watoto, mwuzie seti mbili kwa bei yake halali, na hizo nyingine akazitafute kwa wenye wakati." Mfanyi biashara alinuna, akaenda zake. Baada ya mwezi nakshi ya majani ya mchai ilionekana sokoni, imenakiliwa kutoka picha ya simu, na pembe zake zimekunjamana, maana aliyeinakili hakujua siri ya pembeni.

Siri hiyo haikuwa ya karani. Ilikuwa ya mamaye. Na hapa twafika penye jambo lililo kubwa kuliko bei. Mama yule sasa ni ajuza, na macho yake yameingia ukungu kiasi cha kutoweza kuona tundu la kishono. Katika maisha yake alitunga nakshi nyingi asizoziandika, kwa kuwa katika chama chao hakuna aliyeandika. Mwenzako akiipenda kazi yako alikaa karibu nawe mpaka akaijua. Vitambaa vyenyewe viligawanywa katika harusi na ubatizo, vikafuliwa, vikachakaa. Nakshi iliyobaki kichwani mwa mtu mmoja ina umri ule ule wa mtu huyo.

Karani alipolitambua jambo hili alianza kazi mpya ya jioni. Humpa mamaye uzi mnene, naye mama hufuma bila kuona, kwa vidole tu, huku mwana akihesabu na kuandika katika karatasi ya miraba. Mara nyingine mama husimama, akavuta, na kusema, "Umehesabu vibaya, hapo ni nne," na akihesabu tena huziona nne. Kwa njia hiyo nakshi kumi na moja zimekwisha kuandikwa. Lakini iko moja, kitambaa cha meza cha harusi, ambayo mama aliisahau katikati. Vidole vilifika safu ya tisa vikakwama.

Ilibidi karani asafiri kwa basi mpaka kwa shangazi yake, ambaye alikuwa amepewa kitambaa hicho siku alipoolewa. Kilikuwa ndani ya sanduku la bati, kimechanika upande mmoja na kimekuwa rangi ya maziwa yaliyoganda. Akakaa nacho siku nzima, akihesabu kwa ncha ya pini. Katika kila pembe akakuta kishono kimoja kilichozidi, akadhani ni kosa; alipoangalia pembe zote nne akaona ya kuwa ni kusudi, maana bila kishono kile pembe haziwezi kulala sawa mezani. Hiyo ndiyo ile siri ambayo mkono wake mwenyewe ulikuwa ukiifanya miaka yote kwa kufuata mkono wa mama, asijue sababu yake, na ambayo mwenye kunakili kutoka picha hakuiona. Aliporudi nyumbani akamweleza mamaye. Mama akasema, "Wajua, shangazi yako alikuwa na meza mbovu, ndipo nikaizidisha." Kisha akacheka mpaka akafuta machozi.

Basi daftari la karani limejaa, naye amekuwa akilitolea nakala kwa wasichana wa kanisani na kwa yeyote aombaye, wala hatozi kitu kwa nakshi za mamaye. Zile alizozitunga mwenyewe huziuza kwa bei aliyoipiga hesabu. Kwa nini atofautishe? Mwenyewe husema ya kuwa kazi yake ni saa zake, na saa zina bei; lakini kazi ya mama ilikuwa ikitolewa bure tangu mwanzo, kwa mtu akaaye karibu, naye hana ruhusa ya kuigeuza kuwa bidhaa. Sharti lake ni moja tu: aifumaye asiondoe kile kishono cha pembeni.

Hapana shaka katika nyumba za wasomaji wengi yumo mzee ajuaye jambo ambalo halijaandikwa: kusuka chondo, kuchonga mzinga, kutengeneza dawa ya ng'ombe, au kufuma nakshi ya ua lisilo na jina. Kalamu na karatasi ya miraba ni vitu vya bei ndogo, na mwenye kusoma na kuandika amekwisha kulipiwa karo ili aweze kuvitumia. Akae karibu na mzee wake jioni moja, aulize, ahesabu, na akifika mahali panapoonekana kama kosa, asiharakishe kupasahihisha.